Nakala Ilifanyika Lakini Data Haionekani: Kutatua Matatizo ya Kuhifadhi na Kurejesha Data kwenye Tableti

Ikiwa unasoma maelezo haya huku tableti iko mbele yako, na picha, hesabu za duka au mazungumzo uliyoyategemea hayaonekani, jambo la kwanza ninalokuomba ni kutofuta wala kufomati chochote mpaka ujue nakala yako iko wapi na ilifanywa lini. Usikubali tableti irejeshwe katika hali ya kiwandani hata kama umeambiwa kwamba ikifomatiwa itakaa sawa. Tableti za miaka ya karibuni huweka data ikiwa imesimbwa, yaani imefichwa isisomeke, kwa ufunguo unaokaa ndani ya tableti yenyewe, na kufomati huuangamiza ufunguo huo. Baada ya hapo, hata mabaki ya data yaliyosalia kwenye chipu hayasomeki tena, na hakuna fundi wa Mwembe Tayari hapa Mombasa wala wa Nairobi awezaye kuyasoma. Kwa muda wote ambao nimekuwa nikiwasaidia watu wa mtaani kwetu na vifaa vyao, hasara nyingi za kudumu nilizoziona zilitokana na haraka iliyofuata tatizo, wakati tatizo lenyewe lilikuwa la kutatulika.

Maelezo haya yanaanzia kwenye dalili, yaani kile unachokiona kwa macho, kisha yanarudi nyuma kutafuta sababu. Nimezingatia zaidi tableti za Android, kwa kuwa ndizo ninazoletewa kwa wingi, nami nitaitaja iPad pale inapotofautiana. Wenye kupenda neno kishikwambi, ambalo lilisikika sana Tanzania wakati wa sensa ya mwaka 2022, wanaweza kulisoma popote nilipoandika tableti. Nimetumia hili kwa sababu ndilo linalotamkwa madukani hapa Mombasa.

Mambo matatu yanayochanganywa

Mtu akisema kwamba data yake imehifadhiwa, huenda anazungumzia moja kati ya mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni nakala rudufu ya kifaa, yaani kumbukumbu ya hali ya tableti ilivyokuwa siku fulani: programu zilizokuwemo, mipangilio, na sehemu ya data ya programu hizo. La pili ni usawazishaji, ambapo picha au hati ileile huonekana kwenye tableti, kwenye simu na kwenye akaunti, na ukiifuta mahali pamoja inafutika kote. La tatu ni kunakili kwa mkono, unapochukua mafaili na kuyaweka kwenye flashi, kadi au kompyuta.

Tofauti hii si ya maneno tu, kwa sababu kila njia huacha kitu nje. Nakala ya kifaa kwenye Android haibebi picha zako. Hizo hubebwa na Google Photos, ambayo ina swichi yake yenyewe. Vilevile kwa kawaida haibebi hati zilizolala katika folda ya vipakuliwa, na kwa kila programu huhifadhi kiasi kidogo tu cha data, kwa kawaida kisichozidi MB 25, tena ikiwa aliyeiunda programu hiyo ameruhusu. Programu ya hesabu za duka inayoweka kila kitu ndani ya tableti bila akaunti yoyote inaweza kurudi ikiwa tupu kabisa baada ya kurejesha, ingawa nakala yenyewe haikuwa na kasoro. Kwa hiyo, kabla hujaendelea, jiulize kitu ulichopoteza kilikuwa cha aina gani na kilikaa wapi. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuonyesha sehemu ya kusoma kati ya hizi zinazofuata.

Nakala inasubiri, au imekwama kwa siku kadhaa

Sababu ya kawaida kabisa ni masharti kutotimia. Android hufanya nakala ya kifaa yenyewe wakati tableti iko kwenye chaji, imeunganishwa na Wi-Fi, na haijatumiwa kwa muda wa saa mbili hivi. iPad nayo hungoja iwe kwenye chaji, kwenye Wi-Fi, na kioo kikiwa kimefungwa. Mtu anayeichaji tableti yake jioni huku watoto wanatazama katuni, kisha akaichomoa kabla ya kulala kwa kuogopa umeme kupanda na kushuka, anaweza kukaa miezi bila masharti hayo kukutana hata usiku mmoja. Ukitaka kuhakikisha papo hapo, fungua Mipangilio, ingia katika sehemu ya kuhifadhi nakala, bonyeza kitufe cha kufanya nakala sasa, kisha utazame tarehe na saa ya nakala ya mwisho mpaka ibadilike. Swichi kuwa imewashwa hakukuambii kama kazi ilifanyika. Tarehe ndiyo ya kutazama.

Ikiwa unatumia intaneti ya simu kwa kuigawa kwenye tableti, kuna sababu nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Tableti nyingi hutambua kwamba Wi-Fi hiyo inatoka kwenye simu na kuihesabu kuwa ni mtandao wa bando, hivyo huahirisha kazi kubwa bila kukuambia. Katika mipangilio ya mtandao huo unaweza kuiambia tableti iutendee kama mtandao usio na kikomo, lakini ufanye hivyo ukijua kwamba bando lako litaliwa kwa kasi, na nakala ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote zitakazofuata.

Kasi ya kupandisha data nayo huwakatisha tamaa watu. Mikonga ya mawasiliano ya baharini imekuwa ikitua hapa Mombasa tangu mwaka 2009, na ni kupitia ufuo huu ambapo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki iliunganishwa na dunia. Hata hivyo, ukaribu wa mkonga hauongezi kasi ya kifurushi kilichofika nyumbani kwako. Ukiwa na GB 10 za picha na kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde, kazi hiyo inahitaji takriban saa 11 bila kukatika. Asilimia isiyosogea kwa nusu saa, basi, huenda si hitilafu hata kidogo. Pima kasi ya kupandisha, wala si ya kupakua, kabla ya kuilaumu tableti.

Sababu ya mwisho hapa ni joto, na kwa mji wetu si jambo la kupuuzwa. iPad imeundwa kufanya kazi katika mazingira ya nyuzi 0 hadi 35 za selisiasi, na wakati wa kaskazi, Februari na Machi, joto la mchana hapa hukaribia nyuzi 33 kivulini. Tableti iliyolazwa juu ya godoro huku inachaji na kupandisha data hupita kiwango chake kwa haraka, nayo hujikinga kwa kupunguza kasi au kusimamisha chaji, na chaji ikisimama nakala husimama pia. Iweke juu ya sakafu au meza tupu, uvue ganda lake la mpira, na uifanye kazi hiyo usiku. Ile iliyoachwa ndani ya gari kwenye foleni ya feri ya Likoni ipumzishwe kwanza kabla ya kuunganishwa na kitu chochote.

Ujumbe unasema nafasi imejaa

Akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo, na hizo hugawanywa kati ya barua pepe, Google Drive na Google Photos. Akaunti ya iCloud hutoa GB 5 tu, ambazo kwa iPad yenye picha nyingi hazitoshi hata nakala moja. Wengi hukumbuka zamani ambapo picha za Google Photos zilipandishwa bila kuhesabiwa. Utaratibu huo ulikoma tarehe 1 Juni 2021, na tangu mwaka 2024 nakala za WhatsApp za vifaa vya Android nazo zimeanza kuhesabiwa ndani ya GB hizo 15. Ndiyo maana akaunti iliyotosha kwa miaka mingi inaweza kujaa ghafla ingawa mwenyewe hukubadilisha tabia yoyote.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mtu huona ujumbe wa nafasi kujaa, hufungua Google Photos na kufuta picha mia tatu za zamani akidhani anafuta nakala za kwenye wingu, yaani za kwenye akaunti, peke yake. Picha zilizosawazishwa hufutika kwenye akaunti na kwenye kifaa kwa pamoja. Ikiwa umefanya hivyo, usifute pipa la taka: picha zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye akaunti hukaa humo siku 60 kabla ya kutoweka, na ambazo hazikuwa zimehifadhiwa hukaa siku 30 tu. Kwenye Google Drive ni siku 30. Ukitaka kupata nafasi kwa usalama, anza na video za kutumiwa katika makundi ya WhatsApp, barua pepe zenye viambatisho vikubwa, na nakala za vifaa ambavyo huna tena; kisha nakili picha za zamani kwenye kompyuta, uzifungue huko, ndipo uziondoe kwenye akaunti.

Nakala imekamilika, lakini baadhi ya picha hazimo

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila sababu ya dalili hii.

Mama mmoja mshonaji wa Mji wa Kale alinijia na tableti mpya. Ile ya zamani ilikuwa imemponyoka akishuka kwenye tuktuk karibu na Makadara, kioo kikapasuka na kuacha kusikia vidole. Alinunua nyingine, akaingiza akaunti yake, akarejesha kila kitu, na picha za harusi za familia zikarudi zote. Zilizokosekana ni picha za mitindo ya madera na mabuibui, pamoja na karatasi za vipimo za wateja wake.

"Mwanangu, mimi sikufuta hata picha moja," aliniambia. "Hizi za harusi zimo zote. Za kazi ndizo hazimo."

"Mama, hizo za kazi ulikuwa ukizipiga mwenyewe, au ukiletewa?"

"Naletewa. Wateja wanitumia kwa WhatsApp."

Jibu hilo lilitosha. Google Photos huhifadhi folda ya kamera bila kuulizwa, lakini folda nyingine, ikiwemo ile ya picha za WhatsApp, picha za kioo (screenshot) na vipakuliwa, huachwa nje mpaka mwenye tableti aziwashe moja moja. Picha za kazi hazikuwahi kupandishwa hata siku moja, na alama ya kijani iliyosema kwamba kila kitu kimehifadhiwa ilisema kweli kuhusu folda ya kamera peke yake.

Nikamuuliza tableti ya zamani iko wapi. Alikuwa amemwachia fundi aliyetaka kuitoa betri kesho yake. Tulikwenda kuichukua jioni ileile, na kwa bahati njema kioo kilikuwa bado kinaonyesha ingawa hakisikii. Tulichomeka kiunganishi kidogo cha USB katika tundu la chaji, tukakiunganisha na kipanya cha kawaida cha kompyuta, na mshale mweupe ukatokea juu ya kioo kilichopasuka. Kwa mshale huo mama aliandika namba zake za siri, polepole, akihofia kubofya pasipo. Tukafungua mipangilio ya Google Photos, tukawasha folda ya picha za WhatsApp, tukaiacha kwenye chaji na Wi-Fi.

Njia hii ya kipanya inafaa kwa tableti nyingi za Android ambazo kioo kinaonyesha bila kusikia, na ningependa kila fundi aijaribu kabla ya kumwambia mteja kwamba data imekufa. Ikiwa kioo ni cheusi kabisa, ni afadhali kubadilisha kioo kuliko kufomati, hata kama gharama inaonekana kubwa kuliko thamani ya tableti, kwa sababu unachokinunua ni data iliyomo ndani.

Sababu nyingine mbili za dalili hii ni fupi. Huenda tableti ilikuwa na akaunti mbili na picha zilipandishwa kwenye ile usiyoitazama. Bonyeza picha ya wasifu juu ya programu na uzipitie zote. Na huenda picha zilikuwa kwenye kadi ya memori, ambayo iliondolewa wakati wa kubadilisha kifaa na sasa iko ndani ya droo.

Mazungumzo ya WhatsApp hayarudi

Kwanza tambua kama tableti yako ilikuwa na WhatsApp yake yenyewe, yaani namba iliyosajiliwa humo, au ilikuwa imeunganishwa tu na simu. Tableti iliyounganishwa haitengenezi nakala yake. Nakala hufanywa na simu yenye namba, na hapo ndipo pa kuitafuta. Kama namba ilisajiliwa kwenye tableti, basi namba ileile na akaunti ileile ya Google ndizo zitakazohitajika, na swali la kurejesha huulizwa mara moja tu, wakati wa kusajili. Ukiliruka, ondoa programu na uisakinishe tena kabla ujumbe mpya haujaanza kuingia na nakala mpya haijaandikwa juu ya ile ya zamani.

Tangu mwaka 2021 WhatsApp imeruhusu nakala isimbwe kwa nenosiri au kwa ufunguo wenye tarakimu na herufi 64. Ulinzi huo ni mzuri, nami nauunga mkono, lakini nenosiri hilo likisahaulika na huna kifaa ambacho bado kimefunguliwa, nakala hiyo haifunguki. WhatsApp wenyewe hawana ufunguo wa kukupa. Anayekuahidi kuifungua kwa malipo anakudanganya.

Wakati wa kurejesha, hakuna nakala inayoonekana

Anza na akaunti. Wengi wetu tumefunguliwa akaunti na muuzaji dukani siku ya kununua kifaa, nyingine tukaifungua wenyewe baadaye, na nakala iko kwenye ile ya kwanza ambayo hatukumbuki hata jina lake. Angalia kwenye simu ya zamani, kwenye risiti au sanduku la tableti, na katika ujumbe mfupi wa uthibitisho uliobaki kwenye laini yako.

Akaunti ikiwa ni yenyewe, tazama muda. Kifaa cha Android kisipotumiwa kwa siku 57, nakala yake inaweza kufutwa, isipokuwa picha zilizo katika Google Photos. Nakala ya iCloud hubaki kwa siku 180 baada ya kuzimwa au kuacha kutumiwa. Tableti ya Android iliyoharibika ikawekwa kabatini kwa miezi mitatu kungoja fedha za kioo inaweza kuwa imepita zile siku 57 bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana ninashauri kwamba, kifaa kinapoharibika, urejeshe nakala kwenye kifaa chochote kingine mapema, hata cha kuazima kwa ndugu unayemwamini, kisha ukifute ukishapata chako.

Baada ya muda, angalia toleo la mfumo. Nakala iliyofanywa kwenye Android mpya hairejeshwi kwenye Android ya zamani, na iPad nayo hukataa nakala ya toleo lililo mbele yake. Mtu aliyepoteza tableti mpya akanunua ya mkono wa pili hukutana na hali hii mara nyingi. Sasisha mfumo kwanza. Kama kifaa hakipokei tena masasisho, hakitaipokea nakala hiyo, na utahitaji kingine.

Kisha kuna wakati wenyewe wa kurejesha. Kwenye iPad nakala ya iCloud hurejeshwa wakati wa hatua za mwanzo za kuiwasha, na kwenye Android ndivyo ilivyo kwa kawaida. Ukizivuka hatua hizo kwa haraka utalazimika kuifuta tableti ili uzirudie, na hapa ndipo ninapowasihi watu wasimame: usiifute mpaka umeingia kwenye akaunti kupitia kifaa kingine na kuiona nakala kwa macho yako, pamoja na tarehe yake. Utaratibu wa kurejesha unaweza pia kukuomba namba za siri za kufungulia kioo cha tableti ya zamani. Si nenosiri la akaunti, wala si la tableti mpya. Watu hubahatisha hapa mpaka wanafungiwa, ilhali jibu ni zile tarakimu nne au sita ambazo vidole vyao vilizoea kubonyeza kila asubuhi.

Mwisho ni uthibitisho wa hatua mbili. Nambari ya uthibitisho hutumwa kwenye laini ambayo imepotea pamoja na simu, au ambayo haijatumika kwa muda mrefu ikapewa mtu mwingine. Kama laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina lako, iombe kwanza kampuni yako ya simu ikurudishie laini hiyo ukiwa na kitambulisho, ndipo urudi kwenye tableti. Kwa siku zijazo, Google hukuwezesha kuchapisha nambari 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8 na ya kutumika mara moja. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ninalichukua neno daftari kama lilivyo: andika nambari hizo, anwani ya akaunti, nenosiri la nakala na tarehe uliyoifanya, kwa kalamu, katika daftari linalokaa mahali penye nyaraka za nyumba. Karatasi hiyo itahitajika siku ambayo hakuna kioo chochote kinachowaka.

Tahadhari moja kwa wanaonunua tableti za mkono wa pili: kifaa cha Android kilichofomatiwa bila kuondolewa akaunti kitadai akaunti ya mwenye kwanza, na nakala yako haitaingia mpaka mwenyewe aifungue. Kiwashe mbele ya muuzaji mpaka kifike kwenye ukurasa wa nyumbani kabla ya kutoa fedha.

Mafaili yamo kwenye kadi au flashi, lakini hayafunguki

Ukiona majina ya mafaili na ukubwa wake viko sawa, lakini picha zinafunguka nusu ya kijivu au video hazichezi, shuku kadi ya bandia. Kadi hizi zimeandikwa GB 512 juu, na ndani mna chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya tableti kuhusu ukubwa wake. Zinapojaa kiasi cha kweli, data inayofuata huandikwa juu ya ya mwanzo au hutupwa, huku orodha ya majina ikiendelea kukua kana kwamba hakuna kilichotokea. Data iliyotupwa hivyo hairudi. Kadi mpya ipimwe kabla ya kuaminiwa: kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, na kwenye Linux na Mac kuna F3, zote huijaza kadi mpaka mwisho na kusoma tena kila kitu. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, nazo si saa za kupoteza.

Faili moja kubwa likikataa kunakiliwa wakati nafasi ipo tele, flashi yako huenda imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili linalofikia GB 4. Hamisha vilivyomo, uifomati kwa exFAT, ujaribu tena. Na kadi iliyosomeka kwenye tableti yako lakini kompyuta inasema haitambuliki, huenda ilifanywa kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani, jambo linalowezekana tangu Android 6.0. Kadi ya namna hiyo imesimbwa kwa ufunguo wa tableti ileile. Irudishe humo, uinakili kutoka humo, na kompyuta inapokuuliza kama unataka kuifomati, kataa.

Kompyuta haiioni tableti, au inaiona na kuipoteza

Badilisha waya kabla ya kitu kingine chochote. Nyaya nyingi za bei ndogo zina njia za umeme tu, hazina za data. Waya ukiwa mzima, shusha pazia la arifa kwenye tableti na uchague kuhamisha mafaili, maana hali ya kawaida ni kuchaji pekee. Kama muunganisho unakuja na kukatika kila waya unapoguswa, chungulia ndani ya tundu la chaji kwa tochi. Upepo wetu wa bahari hubeba chumvi, na kwenye tableti za wanaokaa Nyali, Bamburi na Likoni nimekuta ukungu wa kijani juu ya vyuma vya ndani, umeshikana na vumbi na nyuzi za nguo. Zima tableti kabisa, ondoa uchafu kwa kijiti cha meno cha mti, kisha upitishe brashi laini iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti safi isiyo na maji mengi, na uiache ikauke kabla ya kuiwasha. Sindano na pini zisitumike, kwani hukunja vyuma hivyo na kuleta shoti.

Unapohamisha, tumia amri ya kunakili, usitumie ya kukata. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, asili iko palepale; ukikatika katikati ya kukata, huna hakika ya upande wowote. Kwa iPad, nakala iliyofanywa kwenye kompyuta huwa kamili zaidi ukichagua isimbwe, kwa kuwa hapo ndipo manenosiri yaliyohifadhiwa hubebwa pia, lakini nenosiri la nakala hiyo likipotea halina njia ya kurudishwa. Liingie katika lile daftari.

Jinsi ya kujua kwamba nakala inafanya kazi

Chukua kifaa kingine kabisa, ingia kwenye akaunti au uchomeke flashi, na ufungue mafaili matatu: la zamani kuliko yote, la karibuni kuliko yote, na kubwa kuliko yote. La zamani huonyesha kama nakala imeanzia mwanzo, la karibuni huonyesha kama bado inaendelea, na kubwa huonyesha kama kuna kitu kilichokatika njiani. Usitosheke kuona picha ndogo katika orodha; zifungue zijae kioo, na video zicheze mpaka mwisho. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila sasisho kubwa la mfumo.

Kwa yule mama wa Mji wa Kale tulilifanya jaribio hili siku mbili baadaye, sebuleni kwake, kwa simu ya mjukuu wake. Picha ya kwanza ilikuwa ya dera la miaka mitano nyuma, ikafunguka vizuri. Ya pili ilikuwa karatasi ya vipimo iliyotumwa wiki ileile, na alisoma namba za kiuno na mabega kwa sauti ili ahakikishe. Ya tatu, video ndefu ya mteja akionyesha mshono wa mkono, ilizunguka bila kucheza. Tulipoifungua tableti ya zamani tukakuta bado ina mafaili 14 yanayosubiri kupandishwa. Tukairudisha kwenye chaji, tukafunga kioo, na mama akamwambia mjukuu asiiguse mpaka asubuhi.